Malkia wa Manila: Taji la Wiki Mbili, Kazi ya Miaka Mingi

Mashindano ya urembo ya dunia yanapoonyeshwa kwenye televisheni, binti zetu hukaa mbele yake na kuanza kubashiri ni nchi gani itashinda. Nchi moja hawaachi kuitaja, nayo ni Ufilipino. Hawakosei sana. Wasichana wa visiwa hivyo wamelichukua taji la Miss Universe mara 4, mwaka 1969, 1973, 2015 na 2018. Inasemekana kwamba huko mashindano haya hufuatiliwa kama vile wengine wanavyofuatilia mpira wa miguu.

Sisi akina mama huyatazama mambo haya kwa wasiwasi, na tuna sababu. Lakini wasiwasi bila maarifa haumsaidii binti anayetuuliza maswali. Kwa hiyo, mpendwa msomaji, tumeona vema tuchimbue mwanzo wa jambo lenyewe. Ni nani aliyewavika taji wasichana wa kwanza wa Ufilipino? Kwa faida ya nani? Na wasichana hao, baada ya taji kuvuliwa, walikwenda wapi? Majibu tuliyoyapata yana mengi ya kumfaa mama mwenye binti nyumbani.

Maandamano ya mwezi wa Mei

Wafilipino walizoea kumwona msichana aliyevikwa kama malkia akipita barabarani muda mrefu kabla ya jukwaa la mashindano. Wahispania walivitawala visiwa hivyo tangu mwaka 1565 hadi 1898, na wakati wa utawala wao Wafilipino wengi wakawa Wakatoliki. Katika karne ya 19 ilienea desturi ya maandamano ya mwezi wa Mei yanayoitwa Santacruzan. Hukumbusha habari za Mtakatifu Helena, mama wa mfalme Konstantino, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa ndiye aliyeutafuta na kuupata Msalaba wa Bwana.

Katika maandamano hayo wasichana wa kijiji hutembea jioni chini ya matao ya maua, mishumaa ikiwaka pande zote mbili. Kila mmoja huwa amevaa kama malkia fulani. Wa mwisho, mwenye heshima kuliko wote, ndiye Reyna Elena, yaani Malkia Helena, na kando yake hutembea mtoto mdogo wa kiume aliyevikwa kama Konstantino. Desturi hiyo ipo hadi leo.

Hapa tuangalie jambo moja. Msichana huyo hakushindanishwa na mwenzake mbele ya waamuzi. Uzuri wake ulikuwa sehemu ya ibada ya kijiji, na aliyekuwa akitukuzwa ni yule mama aliyeutafuta Msalaba. Baadaye taji lilihama kutoka barabara ya kanisa likaingia katika uwanja wa maonyesho, na hapo maana yake ikabadilika.

Nchi iliyotoka katika msiba

Mwaka 1898 Marekani iliipiga Hispania vitani, na kwa mkataba wa amani ikavichukua visiwa vya Ufilipino na kuilipa Hispania dola milioni 20. Wafilipino wenyewe walikuwa wamekwisha kutangaza uhuru wao mwaka huohuo. Vita kati yao na Wamarekani vilianza mwaka 1899, na Wamarekani walitangaza kwamba vimekwisha mwaka 1902. Kabla watu hawajafuta machozi kikaja kipindupindu, ambacho kati ya mwaka 1902 na 1904 kiliua zaidi ya watu 100,000. Sisi tuliosomea uuguzi tunajua hesabu ya namna hiyo ina maana gani kwa nyumba moja moja.

Mwaka 1904 Wamarekani walifanya maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa St. Louis. Walitenga eka 47 kwa ajili ya Ufilipino na kuwapeleka huko zaidi ya Wafilipino 1,000, wakaishi katika vijiji vya kuigiza huku wageni wakipita kuwatazama. Waliovuta macho kuliko wote walikuwa watu wa milimani, Waigoroti, kwa sababu walivaa nguo chache na kwa sababu walionyeshwa wakila nyama ya mbwa. Wafilipino wengi wasomi wa Manila waliumia sana. Waliona taifa lao zima limefanywa kichekesho mbele ya dunia.

Tukilikumbuka hilo, tutaelewa kwa nini miaka 4 tu baadaye watu wa Manila waliona ni jambo kubwa binti yao kusimama mbele ya Wamarekani akiwa amevaa mavazi ya heshima na taji kichwani.

Malkia wawili wa mwaka 1908

Mwezi wa Februari 1908 yalifunguliwa maonyesho yaliyoitwa Kanivali ya Manila. Aliyetoa wazo hilo alikuwa ofisa wa jeshi la Marekani, Kapteni George Langhorne. Shabaha ilikuwa kuonyesha kwamba Wamarekani na Wafilipino sasa ni marafiki, na kutangaza mazao, biashara na viwanda vya visiwa hivyo. Uwanja ulikuwa karibu na Luneta, ile bustani ya pwani ambapo Wahispania walimpiga risasi shujaa wa taifa, José Rizal, mwaka 1896. Kwa kawaida Kanivali ilichukua muda wa wiki mbili hivi, ikiwa na vibanda vya bidhaa, michezo, magari yaliyopambwa, ngoma na dansi. Ilirudiwa karibu kila mwaka hadi 1939.

Kila sherehe huhitaji mtu wa kutazamwa, na Kanivali ilihitaji malkia. Mwaka ule wa kwanza waliwekwa wawili. Marjorie Colton, Mmarekani, aliitwa Malkia wa Magharibi. Pura Villanueva, Mfilipino, aliitwa Malkia wa Mashariki. Kwa kuwaweka bega kwa bega walitaka kuonyesha urafiki wa mataifa mawili. Bila shaka si kila Mfilipino aliusadiki urafiki huo. Lakini Pura hakuwa pambo tu, kama tutakavyoona.

Kura za kununua

Kwanza tueleze malkia hao walivyochaguliwa, maana hapa akina mama wengi watashangaa. Katika miaka ya mwanzo msichana hakupita mbele ya waamuzi. Karatasi za kura zilichapishwa magazetini. Aliyetaka kumpigia binti kura moja alinunua gazeti moja, na aliyetaka kumpigia kura elfu alinunua magazeti kwa marobota. Gazeti lilipata faida, Kanivali ilipata sifa, na msichana alipata kura kwa kadiri ya mfuko wa baba yake, wajomba zake na marafiki wa ukoo.

Ndiyo maana majina ya malkia wengi wa zamani ni majina ya koo zenye mashamba, maduka au vyeo. Binti wa mvuvi au wa mkulima wa mpunga, hata angekuwa mzuri namna gani, hakuwa na mtu wa kumnunulia marobota ya magazeti. Tunalisema hili wazi kwa sababu binti zetu huamini kwamba taji humwendea mzuri kuliko wote. Tangu siku ya kwanza fedha ilikuwa na sauti yake katika jambo hili.

Pura, malkia mwenye kalamu

Pura Villanueva alizaliwa Arevalo, katika jimbo la Iloilo, mwaka 1886. Alipovikwa taji alikuwa na umri wa miaka 21, na tayari alikuwa akiandika katika gazeti la kwao liitwalo El Tiempo. Miaka miwili kabla ya taji, yaani 1906, alikuwa ameanzisha chama cha wanawake wa Iloilo, ambacho kilianza kudai haki ya mwanamke kupiga kura. Kwa hiyo taji lilimkuta kazini.

Mwaka 1910 aliolewa na Teodoro Kalaw, mhariri wa gazeti la El Renacimiento. Gazeti hilo lilikuwa limechapisha, mwezi wa Oktoba 1908, maneno makali yaliyomlenga ofisa mkubwa wa Kimarekani, na ofisa huyo akalishtaki. Kalaw alipatikana na hatia, na kesi ilimning'inia kichwani hadi aliposamehewa mwaka 1914. Fikiri, msomaji, juu ya nyumba ile. Mke ndiye aliyevikwa taji la urafiki na Wamarekani, na mume ndiye aliyehukumiwa kwa sababu ya maneno yaliyomchoma Mmarekani.

Pura hakukaa akitazama picha zake za mwaka 1908. Alilea watoto, akaendelea kuandika, na mwaka 1918 akatoa kitabu cha mapishi ya asili ya Wafilipino. Kitabu cha mapishi chaweza kuonekana jambo dogo, lakini wakati ule watu wa mjini walikuwa wakifundishwa kwamba chakula bora ni kile cha Mzungu. Kuandika kwa heshima jinsi bibi anavyopika kwa viungo vya shambani kulikuwa na maana yake.

Haki ya kura nayo hakuiacha. Katiba ya mwaka 1935 iliweka sharti kwamba wanawake wapatao 300,000 wakubali kwanza kwa kura zao wenyewe. Wako wanaume waliotumaini idadi hiyo haitafikiwa. Pura alikuwa mmoja wa akina mama wengi waliofanya kampeni. Tarehe 30 Aprili 1937 wanawake 447,725 walisema ndiyo, na 44,307 wakasema hapana.

Wanawake wa kizazi chake na maziwa ya watoto

Pura hakuwa peke yake. Mwaka 1905 mjini Manila, Concepción Felix alianzisha chama cha wanawake ambacho mwaka 1907 kilifungua mradi uitwao Gota de Leche, maana yake tone la maziwa. Watoto wachanga wengi mno walikuwa wakifa, na akina mama hao walianza kugawa maziwa safi kwa watoto wa maskini. Kila tunapowapima watoto uzito kliniki huwakumbuka akina mama wale. Ilikuwa mwaka mmoja tu kabla ya Kanivali ya kwanza. Magazeti yaliandika zaidi habari za malkia kuliko habari za maziwa, lakini watoto waliopona walikuwa ushahidi wa kutosha.

Malkia mwalimu

Mwaka 1912 malkia alikuwa Paz Marquez, mzaliwa wa Lucena. Mwaka huohuo alimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, akiwa miongoni mwa wahitimu wake wa mwanzo. Aliolewa na mwalimu mwenzake, Francisco Benitez, na wote wawili walitumia maisha yao katika elimu.

Mwaka 1919 Paz na wanawake wengine sita walianzisha chuo cha wasichana mjini Manila, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ufilipino. Mwaka huohuo alianzisha gazeti la wanawake, la kwanza nchini humo, na yeye mwenyewe akawa mhariri. Mwaka 1925 ilichapishwa hadithi yake fupi iitwayo "Dead Stars", ambayo wasomi huihesabu kuwa mwanzo wa hadithi fupi ya kisasa ya Wafilipino kwa lugha ya Kiingereza. Alifundisha uandishi chuo kikuu hadi mwaka 1951, na waandishi wengi mashuhuri wa nchi hiyo walipita mikononi mwake. Alifariki mwaka 1983. Ni wangapi kati ya wanafunzi wake waliojua kwamba mwalimu wao aliwahi kuvikwa taji? Hakika walimkumbuka zaidi kwa aliyowafundisha.

Wengine walijulikana kwa njia ya waume zao. Trinidad de Leon, malkia wa mwaka 1920, aliolewa na Manuel Roxas, aliyekuwa rais nchi ilipopata uhuru mwaka 1946. Virginia Llamas, malkia wa mwaka 1922, aliolewa na Carlos Romulo, ambaye mwaka 1949 aliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa.

Vazi la majani ya nanasi

Hatuwezi kuzungumza na akina mama bila kugusa mavazi. Vazi la heshima la mwanamke wa Kifilipino liitwalo terno hutambulikana kwa mikono yake iliyosimama mabegani kama mabawa ya kipepeo. Yale ya thamani kubwa hushonwa kwa kitambaa kiitwacho piña, kinachotokana na nyuzi za majani ya nanasi.

Kazi yake si ya mchezo. Jani refu hukwanguliwa kwa kipande cha sahani iliyovunjika mpaka nyuzi zionekane. Nyuzi hizo, nyembamba kama nywele, huoshwa, huanikwa, kisha huunganishwa moja moja kwa fundo dogo la mkono ndipo zifumwe. Mfumaji akijitahidi siku nzima hupata kipande kidogo tu. Wafumaji wengi tangu zamani ni wanawake, na visiwa vya kwa akina Pura vina sifa ya kazi hiyo.

Basi malkia aliposimama jukwaani akimeremeta, mikono ya wanawake wasiojulikana ilikuwa imesimama pamoja naye. Watu walipiga makofi kwa aliyevaa. Ni haki na sisi tumpigie makofi aliyefuma.

Mama na binti

Mwaka 1926 jina lilibadilika. Badala ya Malkia wa Kanivali, mshindi aliitwa Miss Philippines, na wa kwanza alikuwa Anita Noble wa Batangas. Majimbo yalipeleka binti zao mjini, na walioshika nafasi zilizofuata walipewa majina ya sehemu za nchi, yaani Luzon, Visayas na Mindanao. Nchi ambayo bado ilikuwa ikidai uhuru ilianza kujiona nzima katika sura za wasichana wake.

Mwaka 1931 taji lilimwangukia Maria Kalaw. Jina hilo la ukoo si geni kwetu sasa. Ni binti wa Pura. Mama alivikwa mwaka 1908, na miaka 23 baadaye akamwona binti yake akivikwa. Maria alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, baadaye akasoma hadi kupata shahada ya udaktari. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa seneta, akatumikia hadi mwaka 1967. Mama alidai kura, na binti akachaguliwa kwa kura. Urithi huu wa pili ni mzito kuliko ule wa taji.

Kanivali ya mwisho ilifanyika mwaka 1939. Wajapani waliivamia nchi mwezi wa Desemba 1941, na katika vita vya kuikomboa Manila mwanzoni mwa 1945 raia wapatao 100,000 waliuawa. Mji uliokuwa ukipita magari ya maua ukawa vifusi.

Vazi la kuogelea laingia

Baada ya vita mambo yalianza upya kwa sura nyingine. Mwaka 1952 kampuni ya Marekani iliyouza mavazi ya kuogelea ilianzisha Miss Universe huko Long Beach, na Ufilipino ilimpeleka Teresita Sanchez. Aliyeshinda alikuwa Armi Kuusela wa Ufini, na mwaka uliofuata aliolewa na Mfilipino, Virgilio Hilario, akahamia kwao na kuzaa watoto watano. Mwaka 1964 yalianzishwa mashindano ya Binibining Pilipinas, na mwaka huohuo Gemma Cruz akawa Mfilipino wa kwanza kushinda taji la kimataifa, lile la Miss International.

Tazama mabadiliko yake. Kwanza taji lilikuwa la ibada, kisha likawa la serikali na magazeti, kisha la wauza nguo. Kila mara msichana alikuwa mbele, na nyuma yake palikuwa na mwenye haja yake.

Mwaka huohuo wa 1952, Pura Kalaw, akiwa mama wa miaka 66 hivi, alichapisha kitabu kinachoeleza jinsi mwanamke Mfilipino alivyoipata haki ya kura. Wakati wasichana wakianza kupimwa kwa vazi la kuogelea, malkia wa kwanza alikuwa mezani akiandika.

Tuwaambie nini binti zetu?

Katika kazi yetu tunawaona wasichana wanaojinyima chakula mpaka wakaishiwa damu, na wengine waliojiunguza ngozi kwa dawa za kujichubua. Hatuwalaumu. Wamejifunza mahali fulani kwamba thamani yao inapimwa kwa macho ya watu. Kuwagombeza hakusaidii kitu, wala kuzima televisheni peke yake hakutoshi.

Ewe mama, binti yako akitazama mashindano, keti naye. Muulize ni nani anayelipia jukwaa lile na anauza nini. Mweleze habari za kura zilizonunuliwa kwa marobota ya magazeti. Mweleze pia, bila kumficha, kwamba kupenda kupendeza si dhambi, na kwamba vazi zuri la heshima lina furaha yake.

Kisha mwambie habari za Pura na Paz. Mmoja alikuwa ameshika kalamu kabla ya kuvikwa taji, mwingine alikuwa mwanachuo. Elimu, ujasiri wa kusema, na moyo wa kuwajali wengine walikuwa navyo tayari, navyo havikupigiwa kura na mtu yeyote. Taji lilipovuliwa baada ya wiki mbili, vilibaki. Hivyo ndivyo tunavyoweza kuwapa binti zetu hata sisi tusio na fedha za kununua magazeti elfu: ada ya shule inayolipwa kwa wakati, nafasi ya kusema mezani na kusikilizwa, na kazi ya kuwahudumia wengine anayoizoea tangu akiwa mdogo.